Ekiru si Akiru: siku tatu ndani ya kitabu cha anwani, Kainuk

Kuna kazi za kompyuta ambazo hakuna anayejisifia. Ukimwambia mtu umeandika programu ya benki atakununulia soda. Ukimwambia umekaa siku tatu ukipanga majina ya watu na nambari zao za simu, atakuuliza kama umekosa kazi. Lakini wiki mbili zilizopita nilifanya hasa hiyo, huko Kainuk, nikisafisha kitabu cha anwani cha programu ya barua pepe ili kiingizwe upya kwenye kompyuta nyingine. Naandika kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa na watu ambao kwao kila mtu ana simu yake mwenyewe, jina lina tahajia moja tu, na nchi jirani haijawahi kubadilisha msimbo wake wa simu. Sisi hatuishi huko!

Kwa wasiopajua, Kainuk iko Turkana Kusini, kwenye barabara ya A1 inayotoka Kitale kwenda Lodwar. Unapita Kapenguria, unateremka Marich milima ikikubana pande zote, joto linaanza kukupiga usoni, kisha unavuka mto Malmalte na hapo ndipo Kainuk. Nyuma yako umeiacha Pokot Magharibi. Karibu na hapo pia kuna bwawa la Turkwel lenye mitambo ya megawati 106, na nyaya zake kubwa zinakwenda zake Lessos. Ofisi niliyofanyia kazi inatumia sola, paneli mbili na betri ya gari. Kila saa tisa mchana tulikuwa tunachagua: feni au laptopu.

Kikundi nilichokwenda kukisaidia ni cha wenyeji, ni kidogo, na sitakitaja jina. Kinaitisha mikutano ya Waturkana na Wapokot, kinafuatilia mifugo iliyoibwa, kinapeleka habari ng'ambo hii na ng'ambo ile kabla uvumi haujatangulia. Wizi wa mifugo umeua watu katika eneo hili kwa miaka mingi. Februari 2023 serikali ilipeleka polisi na jeshi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa kwa jina la Operesheni Maliza Uhalifu, na Turkana na Pokot Magharibi zote zilikuwemo. Kwa hiyo usidhani nazungumzia kitabu cha kutumiana salamu za Krismasi. Mbuzi wakichukuliwa saa kumi alfajiri, kuna mtu anafungua laptopu ile, anatafuta jina na kupiga. Nambari ikiwa ya mtu mwingine, dakika zinakwenda, na mara nyingine habari yenyewe inafika pasipotakiwa.

Anayekitunza kitabu ni karani wao, mama mtu mzima ambaye kila mtu humwita Mama Karani, nami nikamwita hivyohivyo. Yeye akaniita fundi. Kitabu kilianza kama daftari, kikachapwa na vijana waliokuja kujitolea, halafu kila warsha ya Lodwar au Kakuma ikaleta faili lake la washiriki, na kila faili likaingizwa juu ya lililotangulia bila mtu kuuliza kama hao watu walikuwemo tayari. Matokeo yake ni kadi zaidi ya elfu tatu. Laptopu nayo ilikuwa ya Windows 7, betri imekufa, bawaba ya kioo imefungwa kwa waya. Walikuwa wamepata nyingine na walitaka kila kitu kihamishwe. Nikamwuliza kama tuhamishe kilivyo, tusafishe baadaye. Akasema, “Fundi, ukihama nyumba unabeba na takataka?”

Basi.

Programu yenyewe ni Thunderbird. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na kwa miaka mingi lilihifadhi anwani katika faili liitwalo abook.mab, kwa mtindo wa Mork ambao ni urithi wa enzi za Netscape. Mork ni maandishi ya kawaida kwa jina tu. Ukilifungua faili lake utaona mabano na tarakimu mpaka kichwa kiume. Jamie Zawinski, mmoja wa watu wa mwanzo wa Netscape, ilibidi aandike programu nzima ya Perl ya kulisoma. Mwaka 2020, toleo la 78 likahamia SQLite, na mwaka 2022 toleo la 102 likaanza kuhifadhi kila mtu kama vCard. Laptopu ya Kainuk ilikuwa bado kwenye Mork. Kuna faili la pili pia, history.mab, ambalo programu hujaza yenyewe kila unapomwandikia mtu mpya. Wengi hulisahau, na nusu ya anwani za kweli ziko humo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kunakili folda nzima ya Thunderbird kwenye flashi mbili. Moja nikampa Mama Karani aifungie kwenye sanduku la chuma, nyingine ikabaki kwangu mpaka kazi iishe. Tafadhali usiruke hatua hii, hata kama una watu ishirini tu.

La pili ni kuchagua namna ya kutoa. Thunderbird inakupa njia kadhaa, na kila mtu hukimbilia CSV kwa sababu inafunguka kwenye Excel. Mimi nilitumia LDIF. Sababu ya kwanza ni zile orodha za kutumia watu wengi kwa pamoja. Kikundi hiki kina orodha iitwayo “Lokiriama”, ya watu wanaoalikwa kila mwaka kwenye ukumbusho wa mkataba wa amani uliofanywa Lokiriama mwaka 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja. Ukitoa kwa CSV unapata majina, lakini nani yuko kwenye orodha gani kunapotea. LDIF huiandika orodha yenyewe pamoja na wanachama wake. (Angalizo: mwanachama hutajwa humo kwa jina na anwani yake ya barua pepe, hivyo ukirekebisha jina kwenye kadi lazima urekebishe na kwenye orodha. Skripti yangu ilifanya yote mawili kwa pamoja.)

Sababu ya pili ni herufi. Eneo la Kainuk ni la Ngisonyoka, na utaona jina hilo limeandikwa Ngisonyoka, Ng'isonyoka na Ŋisonyoka, kila mwandishi na shule yake. Ile Ŋ haimo kabisa katika seti ya herufi za Windows ya Ulaya Magharibi, ambayo ndiyo Thunderbird za zamani zilitumia kuandika CSV kwenye laptopu kama hii. Herufi isiyojulikana hugeuka alama ya kuuliza, na ukishahifadhi hivyo, basi, hairudi. Afadhali ile iliyosomwa vibaya lakini haijapotea: tulikuwa na majina mengi yenye “â€™” katikati, ambayo ni ile alama ya juu ya ng' iliyoandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa mtindo mwingine. Hiyo inarekebishika kwa mstari mmoja wa Python. LDIF haina ugonjwa huu kwa sababu kila kisichokuwa herufi ya kawaida hukifunga kwa base64.

Sababu ya tatu ni Excel yenyewe. Mafaili mawili ya warsha yalikuwa yamepita humo kabla ya kuingizwa. Excel ikiona 0722 na tarakimu zinazofuata hudhani ni hesabu, inatupa sifuri ya mbele. Ikiona sanduku la posta la Nairobi 00100 inaandika 100, ilhali Lodwar 30500 inapona kwa bahati. Ikiona nambari iliyoanza na 254 kwenye safu nyembamba inaonyesha 2.547E+11, na mtu akihifadhi hivyo kama CSV, tarakimu za mwisho zimekwenda na maji. Tulikuwa nazo kadhaa za namna hiyo. Hakuna skripti duniani itakayokurudishia.

Zile zilizopoteza sifuri tu zinaonekana rahisi: tarakimu tisa, inaanza na 7, bandika +254 mbele. Watu wengi wangefanya hivyo kwa mkupuo. Lakini simu za Uganda nazo, ukiondoa msimbo wa nchi, ni tarakimu tisa na nyingi zinaanza na 7. Za Tanzania pia. Na kikundi hiki kina watu Moroto, maana malisho hayajui mpaka; Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walikutana hapohapo Moroto kutia sahihi makubaliano kuhusu Waturkana, Wapokot na Wakaramoja. Kwa hiyo skripti ilitazama kwanza safu ya mji. Moroto, Nakapiripirit, Amudat: +256. Lodwar, Lokichar, Kapenguria: +254. Mji ukikosekana, kadi inakwenda kwenye rundo la kuuliza. Nilikuwa na rundo la kuuliza tangu saa ya kwanza, na lilinenepa.

Tuendelee na nambari kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo kwa mtu wa historia. Lengo lilikuwa kuziandika zote kwa mtindo wa kimataifa wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha nambari bila nafasi. Lakini kadi za zamani zilikuwa na 006 mbele, na kijana anayenisaidia akadhani ni makosa ya kuchapa. Si makosa. Kwa simu za Kenya, Uganda ilipigwa kwa 006 na Tanzania kwa 007, na wenzetu wakitupigia walitumia 005. Ukifuta zile sifuri bila kujua, Mganda wako anakuwa mtu wa dunia nyingine.

Kisha kuna maelezo ya pembeni. Mtu mmoja ameandikwa “Kencell”, mwingine “Celtel”, mwingine “Zain”, mwingine “Airtel”, na ni kampuni ileile: Kencell ilianza mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Kadi ikisema Kencell unajua iliandikwa lini, kama pete za mti. Lakini kama habari ya mtandao haina thamani tena, kwa sababu tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni na nambari yake, na waliokuwa yu wenye 0750 walihamishiwa Airtel kampuni ile ilipofungwa mwaka 2014. Nikafuta safu yote ya mtandao. Pia angalia kama skripti yako inakubali nambari zinazoanza na 01. Tangu 2019 kuna 0110, 0111, 0100 na ndugu zao, na nimeona programu nyingi za hapa kwetu ambazo bado zinazikataa kwa kuwa mwandishi wake aliamini simu ya mkononi lazima ianze na 07.

Sudan Kusini ilikuwa ngumu zaidi. Watu waliokutana na kikundi hiki Kakuma au Lokichoggio kisha wakaenda Juba wameandikwa kwa +249 ya Khartoum, au kwa +256 477, maana kampuni ya Gemtel ya Juba ilitumia msimbo wa Uganda. Nchi ilipozaliwa Julai 2011 ikapewa +211. Huwezi kubadilisha tarakimu za mbele tu ukatarajia mtu apokee. Zote rundoni.

Halafu, peja! Thunderbird ina nafasi ya nambari ya peja. Sijawahi kuona peja Turkana, wala sidhani nitaiona, lakini safu ya peja ilikuwa imejaa. Mama Karani akacheka. Watu wana laini mbili, moja ya hapa na nyingine ya huko ambako ya kwanza haishiki, na kijana aliyechapa alitafuta mahali pa kuweka ya pili. Nikaihamishia mahali pake na kuiandika “laini ya pili”.

Sasa majina, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Programu za kutafuta kadi zilizojirudia hutumia mbinu mbili au tatu zinazojulikana. Moja ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kufuatana na linavyosikika kwa sikio la Kiingereza. Nyingine ni ya Mrusi Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965: unahesabu ni herufi ngapi ubadilishe, uongeze au uondoe ili jina moja liwe jingine. Zikiwa chache, programu inasema huyu na yule ni mmoja, bonyeza hapa niwaunganishe.

Nikaiendesha ya Levenshtein kwa majaribio, bila kuiruhusu iunganishe chochote. Juu kabisa ya orodha ya “hakika ni mmoja” kulikuwa na Ekiru na Akiru, jina la baba moja, mji mmoja. Tofauti ni herufi moja. Mama Karani akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

“Fundi, huyu ni mwanaume, na huyu ni msichana. Unataka kuwaozesha?”

Akiru kwa Kiturkana ni mvua. Mtoto akizaliwa wakati wa mvua, wa kiume anaweza kuitwa Ekiru au Lokiru, wa kike Akiru au Nakiru. Ekai na Akai ni hivyohivyo. Ile herufi moja ya mbele, ambayo kompyuta inaihesabu kama kosa dogo la kidole, ndiyo inayobeba jinsia yote ya mtu. Na kwa vile majina ya pili ni ya baba, ndugu wengi watafanana mpaka mwisho.

Upande wa pili kulikuwa na wale wa Kakuma. Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992 na ina watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Kwenye faili moja kuna Mohamed Ali, kwenye jingine kuna Maxamed Cali, nambari zimefanana isipokuwa moja ni ya zamani. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na x yake ni ile h nzito ya kooni, c yake ni ain ya Waarabu. Basi ni jina lilelile, moja limeandikwa na karani na jingine na mwenyewe. Levenshtein inaona tofauti mbili katika jina la kwanza. Soundex inampa Mohamed M530 na Maxamed M253, Ali A400 na Cali C400, hata hawasalimiani. Kwa hiyo kwa hesabu za mashine, kijana Ekiru na msichana Akiru wako karibu zaidi kuliko Mohamed na yeye mwenyewe!

Nilifanya nini? Niliandika kanuni chache za hapahapa. E na A mwanzoni mwa jina zisihesabiwe kamwe kuwa kosa. Vilevile Lo na Na. Maxamed na Mohamed, Xasan na Hassan, Cabdi na Abdi, zisomwe kama jina moja. Wakongomani, ambao wengi huandika jina la ukoo mbele, walinganishwe kwa kugeuza mpangilio. Loki peke yake ni Lokichoggio, wala si Lokichar wala Lokori. Na hata baada ya kanuni zote hizo programu haikuruhusiwa kuunganisha. Iliruhusiwa kuonyesha kadi mbili pembeni kwa pembeni, Mama Karani akasema ndiyo, hapana, au weka nitauliza. Tulipitia jozi zaidi ya mia sita namna hiyo, kwa siku mbili, tukinywa chai ya rangi. Anajua watu vibaya sana huyu mama. “Huyu ni yule wa duka la dawa.” “Huyu alihamia Lokichar na watu wa mafuta.” Mara nyingine alimpigia mtu simu hapohapo, akamsalimia dakika tano, akauliza habari za mbuzi, mwishoni akauliza nambari.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo vitabu vyote hushauri: nambari moja ya simu ikiwa kwenye kadi tano, ni marudio, bakiza moja. Kwenye kitabu hiki kuna nambari moja iliyokuwa kwenye kadi tisa. Nikaiweka juu nikidhani hiyo angalau itatupunguzia mzigo. Kumbe ni ya mwenye duka katika kituo kimoja nje ya barabara, mahali ambapo simu hushika ukipanda kilima kilicho nyuma ya duka. Wazee wanane wa maboma ya karibu hupatikana kupitia kwake. Ukimtafuta mzee fulani unampigia mwenye duka, unamtaja mzee, anatuma mtoto. Kadi tisa ni watu tisa. Ukiunganisha, umebaki na mwenye duka na umefuta wazee wanane, na siku ya mkutano utasema wazee hawakualikwa. Tukaongeza kwenye zile nafasi nne za ziada za Thunderbird neno “kupitia”, na jina la anayepitiwa. Kazi ya dakika kumi na tano, na sijaona programu yoyote ya anwani yenye nafasi hiyo tayari.

Na marehemu. Walikuwepo, tena wengi kuliko nilivyotaka kuhesabu. Nilikuwa nimetenga folda ya kuwaweka ili kadi zao zisiingizwe upya. Mama Karani alikubali kwa wengi, lakini kwa baadhi alisema hapana. Mmoja alikuwa mzee aliyekuwa akizungumza na upande wa Pokot kwa miaka, na laini yake sasa anayo mjane wake. Wapokot wakiona nambari ile wanapokea, kwa kuwa wanaijua. Tukaacha jina la mzee, tukaongeza la mama, tukaandika pembeni nani anapokea. Wengine laini zao zilikaa bila kutumika mpaka kampuni ikazitoa kwa watu wengine, na hizo ndizo za hatari, maana unampigia mzee na anapokea kijana wa Mombasa asiyejua chochote, nawe ukiwa na haraka umeshamwambia nusu ya habari. Hizo tulizifuta mara moja.

Mtu mmoja aliyepita ofisini, mwema tu, alipendekeza tuongeze safu ya kabila ili iwe rahisi kuchuja. Mama Karani hakujibu kwa muda. Kisha akasema kitabu hiki kina watu wanaotoa habari za watu wao wenyewe ili damu isimwagike, na kikianguka mikononi mwa mtu mbaya kikiwa kimepangwa kwa kabila kitakuwa orodha ya kitu kingine. Hata kwa jina huwezi kubaini kirahisi. Yale majina yanayoanza na Lo yako pande zote mbili za mto. Safu haikuongezwa. Kwa sababu hiyohiyo sikufuata njia ya mkato ambayo baadhi yenu mngenishauri, ya kupandisha faili lote kwenye huduma ya mtandaoni na kuiacha iunganishe yenyewe. Kazi yote ilifanyika ndani ya chumba kile, bila intaneti, na diski ya laptopu mpya imefungwa kwa nywila. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kati ya mambo inayotaka ni kwamba taarifa za mtu ziwe sahihi na zisizidi zinazohitajika. Mama Karani hajaisoma.

Barua pepe zilikuwa rahisi, nitapita haraka. Usitume ujumbe wa majaribio kwa watu elfu moja. Nyingi zitarudi na seva za watu zitakuona mtumaji taka. Toa orodha ya majina ya vikoa peke yake, nenda mahali penye intaneti, na uulize DNS kama kila kikoa bado kina seva ya kupokea barua. Kisicho nayo kimekufa. Wengi waliokufa walikuwa mashirika ya Lokichoggio, mji uliokuwa kitovu cha misaada ya Operesheni Lifeline Sudan tangu 1989, kabla mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005 haujawavuta watu kwenda Juba. Zilizobaki niliziandikia kidogokidogo kwa siku kadhaa. Jibu la seva likianza na 550, futa. Likianza na 4, subiri, ni foleni tu au sanduku limejaa.

Kuingiza upya ndiko kulikochukua muda mfupi kuliko yote. Kwenye Thunderbird mpya nilitengeneza kitabu kipya kitupu, badala ya kuingiza kwenye kile cha kawaida, ili matokeo yakiwa mabaya nifute kitabu kizima na kurudia. Nikaingiza kadi ishirini kwanza, zile ngumu: yenye Ŋ, yenye base64, yenye laini mbili, yenye “kupitia”, ya Moroto, ya Juba. Nikazifungua moja moja. Nafasi mbili za ziada zilikuwa zimebadilishana, nikarekebisha skripti, nikarudia. Kisha zote. Kutoka elfu tatu na ushei tukashuka mpaka chini kidogo ya elfu moja na mia tisa, na orodha ya Lokiriama ikaingia na watu wake wote.

Rundo la kuuliza halikwisha. Zilibaki kadi arobaini na kitu ambazo hata Mama Karani hakuzijua, tukazichapa kwenye karatasi kwa printa ya shule, naye ameikunja na kuiweka kwenye mkoba. Akienda sokoni anauliza, akienda mazishini anauliza, na kila akipata jibu ananitumia ujumbe mfupi. Mpaka jana jioni zilikuwa zimefika kumi na moja. Ya kumi na moja inaanza na 0113, na skripti imeikubali.